Hisa za Tata Polycarpe na Mvua ya Oktoba

Ukitaka Tata Polycarpe akusadiki, sema, nyamaza kidogo, kisha sema tena. Neno lililosemwa mara moja kwake halijawa neno bado.

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Miaka ishirini na saba alikaa katika chumba cha kadi cha kampani ya shaba hapa Kolwezi. Mtu wa kwanza alitoboa kadi kwa mashini: namba ya mfanyakazi, siku alizoingia kazini, saa za ziada. Kisha kadi ileile ilipelekwa kwa mtu wa pili, naye akapiga yote upya kana kwamba hakuna aliyepiga kabla yake. Kidole cha pili kikitofautiana na cha kwanza hata mahali pamoja, mashini ilikwama palepale na kadi ikarudishwa. Tata Polycarpe ndiye aliyekuwa mtu wa pili. Anasema katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa kambi yetu ya wafanyakazi aliyepoteza siku yake ya kazi kwa kosa la mkono wake, nami namwamini. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Kabeya tu, maana wakati ule majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini kambini na parokiani alibaki Polycarpe.

Nyumbani alihakiki hata chumvi.

"Umetia chumvi?" anamuuliza mke wake, Mama Tshibola.

"Nimetia, tata."

"Umetia?"

"Nimetia."

Hapo ndipo anamega bukari, ugali wetu.

Mimi ni mkwe wake. Nimeolewa na mtoto wake Kazadi, anayefanya kazi ya reli kule Mutshatsha na kufika nyumbani mara mbili kwa mwezi. Niliishia darasa la sita kwa masista. Mwaka ule wa 1983 nilikaa katika nyumba ya kampani pamoja na wazazi wa bwana wangu, na mtoto wangu wa kwanza, Tshiela, alikuwa anaota meno. Asubuhi niliuza samaki wadogo wakavu sokoni, mchana nilikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Kutoka nyuma ya pazia mtu anasikia mengi.

Kwetu sisi watu wa Kasai, mke wa mtoto hafungui neno mbele ya baba mkwe wake. Akiulizwa anajibu kwa ufupi, macho chini. Akiwa na jambo, analipitisha kwa mama mkwe. Inabaki hivyo mpaka siku baba mkwe mwenyewe amletee kitenge cha kumfungua kinywa, na kwa kawaida siku hiyo haikawii baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Tata Polycarpe alisema kitenge changu atanipa siku tutakapoingia katika nyumba yake mwenyewe. Hakusema kwa ubaya. Alipenda mambo yafuate mpango.

Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa kichwani mwa kila mtu. Nyumba ya kambi ni ya kampani: unapoingia pensheni, unatoka. Yeye alikuwa aingie pensheni mwisho wa Desemba, na mwisho wa Januari tuwe tumetoka. Alikuwa na kiwanja kwenye barabara ya kwenda Mutoshi. Matofali ya udongo mabichi aliyafyatua mwenyewe kila Jumapili baada ya misa. Kuta angeweza kuzisimamisha bila msaada wa mtu. Kilichokosekana ni mabati. Na ukuta wa matofali mabichi bila bati juu yake, mvua ikija, unarudi kuwa udongo.

Mabati hayo yalikuwa ndani ya sanduku lake la chuma, chini ya kitanda. Namna yalivyoingia humo ndiyo kichekesho cha kambi.

Mwaka wa 1975 zamu yake ilifika katika likelemba, ule mchezo wa kuchangiana kila mwezi na kumpa mmoja wote. Aliichukua ile pesa yote akampa Bwana Stanislas, Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wa chumba cha kadi, aliyekuwa anakwenda kwao likizo. Alimwagiza pikipiki. Watu walijua. Mama Tshibola alikuwa amekwisha kushona mto wa kukalia nyuma. Baada ya miezi miwili Bwana Stanislas akarudi na bahasha. Ndani yake mlikuwa na hisa kumi na nane za kampani ya kwao iliyoitwa Ordimeuse, inayotengeneza kompyuta, mashini ambazo Tata Polycarpe aliziita ordinatere. Pikipiki inaharibika, Bwana Stanislas alimwambia, lakini mashini hizi ndizo zitakazokula kazi ya kadi zetu, basi afadhali uwe upande wa mlaji.

Niliziona hisa hizo kwa macho yangu. Karatasi ngumu ya kijani, na pembeni vipande vidogo vilivyopangwa kama stempu, unakata kimoja kila mwaka na kukipeleka Ubelgiji kupata faida. Jina la mtu halimo. Anayezishika ndiye mwenye mali. Kwa hiyo, ukitaka kuziuza, lazima karatasi zenyewe zisafiri.

Jirani yetu Séraphin, dereva wa lori kubwa la mgodini, hakuchoka nazo. Pikipiki aliiita moto, kama sisi sote, na mafuta yake essence.

"Tata Polycarpe, leo haupande moto yako ya karatasi?"

"Inapumuzika."

"Ao iliisha essence?"

"Yangu haikunywe essence, Séraphin. Yako njo inakunywa, hata we mwenyewe unakunywa."

Na watu wote wa mstari wa nyumba wakacheka, hata mke wa Séraphin.

Katika mwezi wa Mei barua ilifika. Bwana Stanislas alikuwa amerudi kwao kabisa baada ya vita ya Kolwezi ya 1978, lakini aliandika kila mwaka. Tata Polycarpe aliisoma mezani kwa Kifaransa, kisha akamfasiria mke wake kwa Kiswahili, mara mbili. Waamerika na Wajapani walikuwa wameingia Ulaya na mashini za bei ndogo. Ordimeuse nayo ilishusha bei mwezi wa Januari, ikashusha tena Aprili. Inauza mashini nyingi kuliko zamani, na hisa bado zina bei nzuri kwa sababu watu wanahesabu mashini zinazotoka mlangoni. Yeye anauza zake mwezi wa Julai. Masera Henriette, mtawa wa misheni yetu, anaondoka tarehe ishirini na nane Juni. Kama Polycarpe anataka, ampe karatasi zake, na pesa itapitia kwa mapadri, ambao watatoa mabati katika ghala la misheni hapahapa Kolwezi.

Kazadi alipofika mwisho wa juma alipiga hesabu. Kwa bei ile, mabati yalitosha nyumba nzima na jikoni.

Lakini Tata Polycarpe alikaa na barua ile juma zima.

"Ona," alimwambia Mama Tshibola. "Bei ya cuivre, ile shaba yetu, ikianguka, siye ba Kolwezi tunajua, njaa inaingia. Lakini cuivre ni jiwe. Ordinatere ni kitu ya kutumia. Ikikuwa bei mubaya, ananunua mukubwa wa kampani peke yake. Ikikuwa rahisi, atanunua directeur wa masomo, atanunua padri, atanunua munganga. Batu banaanza kuingia mu magazini, mu duka, na mi niko nauzisha magazini?"

"Mi sijue mambo ile," Mama Tshibola alisema.

"Na hii pesa yetu ya zaïre iko nayeyuka. Hii karatasi ni ya franka ya Ubelgiji. Haiyeyuke."

Hayo hayakuwa maneno ya mjinga. Mimi mwenyewe nyuma ya pazia nilianza kukubali. Tena aliongeza lile lake: Bwana Stanislas amesema mara moja tu. Atamwandikia amhakikishie. Jibu likifika na kusema vilevile, atauza.

Jumatatu nilikwenda sokoni nikiwa na maneno yale kichwani, na sokoni nikayaona yakitembea kwa miguu.

Karibu na meza yangu aliuza Mwanvua, mama mmoja Mwislamu, wazazi wake walitoka upande wa Kasongo. Kazi yake ilikuwa sabuni. Mwezi ule Abibu, mwenye malori mawili, alifungua duka la sabuni ng'ambo ya barabara na kushusha bei. Mwanvua akashusha. Abibu akashusha tena. Mwanvua akashusha tena. Watu walijaa mezani pake mpaka nikamsaidia kukata vipande. Juma la kwanza alicheka, aliniita nione nani ana wateja kama yeye. Juma la tatu aliketi juu ya katoni tupu.

"Mama Tshiela, nauzisha kuliko siku zote," aliniambia. "Nauzisha mpaka namaliza na ile ya kununulia katoni ingine."

"Sasa Abibu anafanya je?"

"Abibu eko na malori. Anaweza kupoteza mpaka Noeli. Mi naweza kupoteza mpaka Alhamisi."

Ijumaa meza yake haikuwepo. Alikwenda Mutoshi kukaangia wachimbaji mandazi.

Jioni tulipokuwa tunatwanga sombe, majani ya mihogo, nilimweleza Mama Tshibola yote. Nilimwambia Ordimeuse ni Mwanvua. Wanunuzi ni wengi, ndiyo, lakini tuangalie nani ana malori. Nilimwomba amwambie tata kama nilivyosema.

Alikwenda. Nilisikia.

"Mukwe wako anasema Mwanvua ameacha sabuni."

"Pole yake," alijibu Tata Polycarpe. "Alikuwa mama muzuri."

"Anasema sabuni na ordinatere."

"Sabuni na ordinatere ni bitu mbili."

Mama Tshibola akarudi jikoni, akashika mwichi. "Nilimuambia," alisema.

Nikamwongezea sombe kinuni. Alikuwa amesema kweli.

Tarehe ishirini na saba Juni, siku moja kabla ya safari yake, masera Henriette alikuja na gari la misheni. Tata Polycarpe alivaa koti. Sanduku lilikuwa juu ya meza, hisa kumi na nane zimepangwa, na mimi nikaingia na sinia la maji, Tshiela mgongoni.

"Tata, nimekuja kuzichukua," alisema masera.

"Masera, niliandika Ubelgiji ili Bwana Stanislas anihakikishie. Jibu haiyafika."

"Haiwezi kufika. Barua inakaa mwezi mzima njiani. Mimi naondoka kesho."

"Alisema mara moja, masera."

"Amekuambia uuze. Na mimi nakushauri vilevile, ni akili."

"Ndiyo."

"Kama huzitoi leo, sijui mtu mwingine atakwenda lini."

"Ndiyo."

Nilimwangalia Tata Polycarpe. Mkono wake ulikuwa juu ya zile karatasi, kidole kimoja kikigonga polepole, kama juu ya mashini. Alikuwa anangoja. Nami nikaelewa anangoja nini, na nikaona masera hajui. Kila mara alisema jambo jipya: barua inachelewa, ni akili, hakuna mtu mwingine. Kwa Tata Polycarpe hizo zilikuwa kadi tatu tofauti, kila moja imepigwa mara moja. Angerudia tu maneno yale ya barua, neno kwa neno, mkono ule ungeondoka.

Neno lilinijaa kinywani mpaka nikakohoa. Mama Tshibola akanitazama. Nikaweka maji, nikatoka.

Nilimngojea masera kwenye gari. Yeye si baba mkwe, ningeweza kusema naye.

"Masera, tafadhali, rudi umwambie tena. Lakini umwambie maneno yaleyale ya barua. Uza Julai. Uza Julai. Basi."

"Nimemwambia mara tatu, mama."

"Hapana. Umemwambia mambo matatu."

Alicheka kidogo, akamshika Tshiela shavu. Alikuwa na vifurushi vya watu mpaka kwenye kiti cha mbele, na uso wa mtu ambaye hajalala. "Mali ni yake," alisema. "Siwezi kumlazimisha mzee." Gari likaondoka.

Kazadi alipokuja nilimweleza, naye akaenda kwa baba yake, wakazungumza juu ya mbao za paa na misumari. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Tata anajua bitu yake." Usiku ule nilimpa mgongo.

Kiangazi chote Tata Polycarpe alisimamisha kuta. Zilikuwa kuta nzuri, zimenyooka, alizipima kwa uzi, kisha akazipima tena. Vyumba vinne. Nilibeba maji ya udongo pamoja na Mama Tshibola, na kila nilipoinua macho niliona mbingu mahali pa bati.

Jibu lilifika mwisho wa Agosti. Bwana Stanislas aliandika: kama nilivyokuambia katika barua ya kwanza, ilifaa kuuza Julai, nami nimeuza zangu. Zako hazikufika, sikuweza kitu. Sasa Ordimeuse imeshusha bei mara ya tatu, imetangaza hasara, na hisa zimeanguka zaidi ya nusu.

Tata Polycarpe aliziweka barua mbili kando kwa kando. Aliteremka na kidole mstari kwa mstari, huku na huku. Nilikuwa nyuma ya pazia nikimsubiri alie, au apige meza, au amlaani mtu.

"Zinafanana," alisema.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kazi vizuri. Nilitoka nyuma ya nyumba nikauma pembe ya kitambaa cha kumbebea mtoto, nisipige kelele.

Septemba serikali ikashusha thamani ya zaïre, na bei za vitu vyote zikapanda. Mabati yaliyokuwa ghali yakawa ya kuangalia tu. Séraphin hakuuliza tena habari za pikipiki. Alimwamkia Tata Polycarpe kwa adabu, "Habari, tata," na kupita, na nadhani adabu ile ilimuuma kuliko masihara ya miaka minane.

Masera Henriette alirudi Oktoba. Akatuma kusema padri mmoja anakwenda Ubelgiji katikati ya Novemba, anaweza kubeba. Lakini sasa Tata Polycarpe alikuwa na wazo jingine: kitu kilichoanguka hivi lazima kitapanda kidogo. Kuuza chini ni kukubali hasara. Angojee. Mama Tshibola akasema hajui mambo hayo. Kazadi akasema tata anajua.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha siku tatu, mwisho wa Oktoba. Asubuhi ya nne, Jumamosi, tulikwenda kiwanjani sote, na Kazadi alikuwepo. Ukuta wa upande wa magharibi ulikuwa umeketi. Haukuanguka, uliketi, kama bukari iliyotiwa maji mengi. Ule wa pili ulikuwa umevimba tumbo. Tata Polycarpe aliuzunguka mara moja, akauzunguka mara ya pili, akavua kofia na kuikung'uta maji. Kisha akaondoka peke yake kuelekea sokoni.

Alirudi nyumbani mchana na kitenge chini ya koti. Kilikuwa cha buluu, chenye maua ya njano, bado kinanuka duka. Alimwita mke wake na Kazadi waketi, akaniita nitoke jikoni. Akaweka kitenge juu ya meza, kama desturi inavyotaka, si mkononi mwangu.

"Nilisema nitakupa mu nyumba yangu," alisema. "Nyumba inachelewa. Kinywa yako ifunguke leo. Mama Tshiela, hii mezi yote ulikuwa unakohoa. Ulikuwa na neno gani?"

Nilikuwa nayo mengi. Nilikuwa na ya Mwanvua na malori ya Abibu, na ya masera, na ya zile barua mbili zinazofanana. Nilikuwa nimeyapanga tangu Juni, kwa hasira na kwa heshima. Lakini nikamwona mkono wake umelala mezani, kidole kimeinuka kidogo, kinangoja. Nikaacha yote nikachukua yale machache.

"Uzisha, tata. Ulete manjanja."

Manjanja ndiyo mabati, kwa Kiswahili chetu.

"Rudia."

"Uzisha, tata. Ulete manjanja."

Kidole kikashuka. Alinyanyuka, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, na jioni hiyohiyo Kazadi akapeleka bahasha misheni.

Mabati yalitoka ghalani kwa mapadri katikati ya Januari. Yalitosha vyumba viwili. Kuta za vile viwili vingine tulizibomoa, na sebule ikabaki nguzo na turubai aliyotupa Séraphin, turubai ya lori, imetobolewa na mawe. Tuliingia mwisho wa Januari na mvua ikiingia pamoja nasi. Chumba kimoja wazee, kingine mimi, Kazadi na Tshiela, ambaye alijifunza kutembea akikwepa masufuria ya kukingia maji.

Sasa naruhusiwa kusema mbele ya Tata Polycarpe, na nasema, lakini lile la Juni sijalisema. Kila mvua inapoanza kupiga turubai nalisikia likipanda, nami ninainuka kusogeza sufuria.

Juzi Bwana Stanislas ameandika kwamba Ordimeuse imefunga milango, wafanyakazi wake wako barabarani, na karatasi zilizobaki kwa watu ni za kuwashia moto. Kwa hiyo hata hicho kidogo tulichopata tulikipata kwa bahati. Nilimsomea barua mwenyewe, maana macho yake yameanza kuchoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka chini ya redio.

"Tungojee ya pili," alisema.